Miguu ya Thuku

Kina mama wenye watoto wa kiume waliokwisha kuota ndevu, haya ni ya kwenu. Yalimpata Nyakio wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, miaka ile watoto wa shule walipokuwa wakigawiwa maziwa ya bure, na yanaweza kumpata yeyote ambaye roho yake hukaa juu juu kwa ajili ya mwanawe. Nyakio hakuwa mama mbaya. Hilo mlishike mapema, maana huko mbele mtataka kumtupia mawe.

Alikuwa ametoka bara na mumewe Kamande, aliyepata kazi katika kiwanda cha korosho Kilifi. Kamande alilala huko huko Kilifi, akirudi nyumbani Jumamosi na viatu vyake vimebebwa mkononi ili visiishe soli. Siku nyingine zote Nyakio alibaki na wanawe na wasiwasi wake. Mtoto wa kwanza, Thuku, alirithi jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo kwa desturi ya kwao Nyakio alimwita "baba" tangu akiwa bado ananyonya. Sasa huyo baba alikuwa kijana wa miaka ishirini, mrefu, mwembamba, mcheshi, mwenye miguu mirefu isiyotulia hata akiwa amekaa.

Thuku aliajiriwa na Mzee Kurbanali, mwenye tanuri la mikate karibu na soko. Kila asubuhi alifunga kasha la mbao kwenye keria ya baisikeli nyeusi, akalijaza mikate, akakanyaga mpaka Kakuyuni kuwauzia wenye maduka huko. Barabara ya Kakuyuni ina kilima. Si kilima cha kumtisha mtu wa bara, lakini ukiwa na mikate mia kwenye keria utakitambua.

Siku moja Thuku alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Mama, leo nimempita Mzungu kilimani."

"Mzungu wa gari?"

"Wa baisikeli! Nyembamba kama panzi. Mzee hivi, makamo ya baba. Namsikia nyuma anahema, mara akapiga kelele, 'Wewe! Simama!' Nikasimama. Unajua alifanya nini? Akainua kasha la mikate kwa mikono yake, akaliweka chini, akaliinua tena. Kisha akanunua mkate, akakaa chini ya mkorosho akaula mkavu, akawa ananiangalia miguu."

"Anakuangalia miguu kwa nini?"

"Si nimekwambia nilimpita?"

Nyakio alikuwa anachambua maharagwe. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Miaka hiyo Malindi ilikuwa imejaa watalii, na kila mama wa Kisumu Ndogo alikuwa na hadithi ya kijana aliyeacha kazi akaenda kukaa ufukweni, akarudi na saa ya dhahabu mkononi na macho yasiyotazama watu. Nyakio alizijua hadithi hizo zote. Usiku alilala nazo.

Mzungu huyo alikuwa Mfaransa, akiitwa Silvani. Alikuwa amepanga nyumba ya Bwana Anantrai, upande wa baharini, kwa sababu baridi ya kwao ilikuwa ikimtesa nyonga iliyowahi kuvunjika. Mpishi wake alikuwa Lewa, Mgiriama wa makamo, mtu wa maneno machache. Kwa Lewa ndiko Silvani alikojifunza Kiswahili chake cha kuokota, neno hapa, neno kule.

Muda si muda Thuku akawa akimaliza mikate anakwenda kwa Silvani. Akapewa baisikeli ya mbio aijaribu. Akafundishwa kukaa, kunywa maji kabla ya kiu, kupanda kilima bila kutikisa mabega. Silvani akamwambia kwamba sikukuu ya Jamhuri kutakuwa na mbio za Pwani, kutoka Malindi hadi kwenye feri ya Kilifi na kurudi, na watatu wa kwanza watapelekwa Nairobi kufanya mazoezi na timu ya taifa. "Wewe, moja katika tatu," alimwambia. Thuku aliyatamka maneno hayo nyumbani kama mtu anayesoma Injili.

Jioni moja alimsimulia mamake habari za huyo mzee, naye Nyakio akisikiliza kwa sikio moja huku akipuliza moto.

"Kwao ni milimani, mama. Baba yake alikuwa mchunga kondoo. Yeye alikuwa akishusha jibini sokoni kwa baisikeli, kisha anapanda nayo tena kurudi nyumbani. Watu wakamwona. Akachukuliwa kwenye timu, akalipwa mshahara."

"Mshahara wa kuendesha baisikeli?"

"Ndiyo!"

"Hata tarishi wa baisikeli hubeba barua."

"Mama, sikiliza. Kazi yake ilikuwa kumpeleka nahodha wa timu mlimani. Anakaa mbele, anakata upepo, nahodha yuko nyuma yake amejificha. Wakikaribia kileleni yeye amekwisha, anajitoa kando, nahodha anakwenda kushinda na kupewa maua."

"Kumbe alikuwa punda wa watu."

"Miaka na miaka. Halafu siku moja nahodha akaumwa tumbo, wakamwambia, leo wewe nenda. Akaenda! Mlima wenye theluji juu, mama, watu wamejaa kando ya njia. Akawaacha wote. Wakamvika fulana ya bingwa wa milima, akaivaa siku chache tu, akaanguka kwenye mteremko, ndiyo hiyo nyonga. Hakuingia mbio tena. Lakini siku ile ya mlima, unajua mama yake mzazi alifanya nini? Alikuwa amesimama kwenye kona..."

"Thuku baba, pipa halina maji."

"Ngoja nimalize."

"Mfereji utafungwa. Nenda."

Thuku akachukua madebe akaenda. Aliporudi hakuendelea na habari, na mamake hakumwuliza. Likumbukeni hilo pipa.

Wiki chache kabla ya sikukuu, Nyakio aliamka mapema akamkuta mwanawe akiosha miguu nyuma ya nyumba, suruali ameikunja hadi magotini. Miguu ilikuwa laini. Haina unywele hata mmoja. Inang'aa kama mguu wa mtoto mchanga aliyetoka kupakwa mafuta.

"Baba, miguu imefanyaje?"

Thuku alishtuka, akashusha suruali upesi, akacheka kicheko cha aibu. "Ni ya mashindano tu, mama."

"Mashindano gani ya miguu laini?"

"Nitakueleza jioni. Mikate inaniacha."

Akapanda baisikeli, akaenda. Hapo ndipo palipokuwa na mlango, nao ulikuwa wazi. Angengoja jioni tu. Lakini wasiwasi ukishampanda mama kichwani, jioni huwa mbali kuliko Mombasa. Nyakio alijifunga leso, akaenda moja kwa moja kwa Mueni.

Mueni alikuwa jirani yake, mwanamke wa Ukambani, aliyefua nguo katika nyumba za wenyeji kule mtaa wa Shela. Alimsikiliza Nyakio bila kuacha kukamua shuka.

"Yote miwili?" akauliza.

"Yote miwili. Hadi juu, nafikiri."

"Na mafuta?"

"Ilikuwa inang'aa, Mueni."

Mueni akaitundika shuka, akajifuta mikono, akamvuta Nyakio ndani kama mwenye kutaka kumpa habari ya msiba. "Mama Thuku, mimi nafua kwa Waswahili mwaka wa saba huu. Najua ni nani anayefanyiwa hivyo. Msichana akitaka kuolewa, anawekwa ndani, anatolewa malaika, vinyweleo vya mwili mzima, miguu inakuwa kama kioo. Kisha anakuja somo wake, yule mwanamke wa kumfunda, anamsinga. Anamkanda kwa mafuta na manukato, kutoka kidole cha mguu hadi shingoni. Bi harusi, Mama Thuku. Ni bi harusi anayefanyiwa hivyo, na anafanyiwa kwa ajili ya nani?"

Nyakio alikaa chini kwenye sakafu.

"Yule mzee anaishi peke yake," Mueni akaendelea. "Hana mke, hana mtoto. Kijana wako anaingia mchana, anatoka jioni. Mimi sisemi kitu. Mungu ndiye ajuaye. Lakini ningekuwa mimi..."

Alasiri hiyo hiyo walikwenda, Nyakio, Mueni na Easter wa kwaya ya kanisa, ambaye alikuja na Biblia kwapani. Walipita uani bila hodi. Lewa alikuwa anaparuza samaki mlangoni pa jikoni.

"Karibuni... jamani, kina mama, mnaingia hivyo hivyo? Mnamtaka nani?"

Hawakumjibu. Walizunguka hadi baraza la nyuma, na walichokiona ni hiki. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa taulo. Thuku alikuwa amelala juu yake kifudifudi, amevaa kaptura na fulana, amepitiwa na usingizi, mdomo wazi kama alivyokuwa akilala mgongoni mwa mamake zamani zile. Siku hiyo, baada ya mikate, alikuwa ameendesha nusu ya njia ya Kilifi na kurudi. Mzungu amekunja mikono ya shati, mikono yake miwili imeshika shavu la mguu wa kijana, anakanda polepole huku akiguna wimbo. Pembeni, chupa ya mafuta.

Nyakio alipiga ukelele uliowatoa ndege kwenye miti.

"Mwanangu! Mwanamume mzima, kusingwa kama bi harusi!"

Thuku aliruka kutoka mezani, hajui yuko wapi. "Mama? Mama, kuna nini?"

"Ondoka hapo! Vaa suruali! Bi harusi wewe? Nilizaa bi harusi mimi?"

Silvani aliinua mikono yake juu, yenye mafuta, akawaangalia mmoja mmoja. Alichukua muda kuelewa. Kiswahili chake hakikuwa na neno bi harusi. Lakini alimwona Easter na Biblia yake, akaona Mueni alivyojifunika mdomo kwa leso, naye uso ukambadilika. Akainama, akakunja miguu ya suruali yake mwenyewe. Miguu yake ilikuwa laini vile vile, imekauka, ina mishipa kama mizizi, na kovu nene lilitoka kwenye goti likapanda kuelekea nyongani.

"Kazi, mama," akasema, akiupiga mguu wake kwa kiganja. "Kazi. Baisikeli. Kazi."

Nyakio alitema mate chini, karibu na viatu vya Silvani.

Angeishia hapo, pengine ingesahaulika. Lakini alimshika Thuku mkono, akamtoa hadi barabarani, na huko akapaza sauti ili kila apitaye ajue kwamba yeye si mama wa kuuza mtoto. Wakaja wauza madafu. Wakaja vijana wa ufukweni. Akaja askari wa doria akamwuliza Mzungu paspoti, akaisoma mbele na nyuma na kuirudisha bila kupata cha kusema. Na Nyakio akarudia, akarudia tena, jinsi mwanawe alivyonyolewa miguu na kusingwa.

"Oyaa! Bi Harusi!" kijana mmoja akaita kutoka nyuma ya umati.

Watu wakacheka. Mwingine akapiga vigelegele vya arusini. Thuku alimtazama mamake mara moja tu, kisha akauchomoa mkono wake. Akaenda zake kwa miguu, suruali ameivaa nusunusu, jina jipya likimfuata hadi kwenye kona.

Siku hiyo hakurudi nyumbani. Alilala kwa Mzee Kurbanali, stoo, juu ya magunia ya unga. Na siku iliyofuata pia.

Bwana Anantrai hakutaka maneno kwenye nyumba yake, akamwomba Silvani ahame. Silvani hakubishana. Alipanda basi la Mombasa, na Lewa akabaki hana kazi. Baisikeli ya mbio haikuondoka. Lewa aliiendesha kwa mkono kuvuka mji mzima, akaifikisha tanurini, akamkabidhi Thuku. "Amesema ni yako," alimwambia, "na mbio ziko pale pale."

Kamande aliporudi Jumamosi alikuwa amekwisha kuyasikia ndani ya basi. Alikaa kwenye kigoda, viatu viko magotini.

"Ulimwuliza nini kwanza?" akamwuliza mkewe.

"Nimwulize nini, Baba Thuku, na nimeona kwa macho yangu?"

"Nauliza tu. Kabla ya kwenda kwa Mueni, ulimwuliza nini?"

Nyakio akatazama moto.

"Sikumwuliza," akasema.

Kamande alikula chakula chake akaenda kulala, na Nyakio aliona heri angepigiwa kelele.

Akaanza kupeleka chakula tanurini. Githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mzee Kurbanali mwenyewe ndiye aliyekuwa akija mlangoni, unga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee. Thuku yuko?"

"Marahaba, mama. Yuko ndani."

"Mwambie nipo."

Mzee anaingia, anakaa kidogo, anatoka. "Anasema asante, ameshiba." Na sufuria inarudi nyumbani nzito kama ilivyokuja. Kwenye foleni ya mkate watoto wanaimba wimbo wa arusi, kwa sauti ya chini, wanamwangalia kisha wanageuka.

Ilikuwa sokoni, kwenye meza za samaki, ndipo alipokutana na Lewa uso kwa uso. Alitaka kupinda njia. Lewa akamsalimu kwa adabu, na adabu hiyo ilimchoma.

"Habari za siku, Mama Thuku."

"Nzuri. Wewe, umepata kazi?"

"Bado natafuta."

Nyakio akashika kitambaa cha kapu lake, akakikunja, akakikunjua. "Lewa, ndugu yangu. Wewe ulikuwa humo ndani siku zote. Niambie ukweli. Kulikuwa na kitu?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo."

"Kulikuwa na kitu. Kulikuwa na miguu iliyochoka. Wapanda baisikeli wote wa kwao hunyoa miguu, mama, wote, hata wenye wake na wajukuu. Mtu akianguka kwenye lami, kidonda chenye nywele hakisafishiki. Na anayekanda hawezi kukanda nywele, zinang'oka, zinatunga usaha. Kila timu ina mtu wake wa kukanda, hiyo ndiyo kazi yake, analipwa. Mimi mwenyewe nilipoteguka bega alinikanda pale pale mezani. Mbona hukuja kupiga kelele kwa ajili ya bega langu?"

Nyakio akainamisha uso juu ya samaki.

"Na mlango wa baraza," Lewa akasema, "ulipata kuuona umefungwa? Wewe uliingia vipi?"

Wauza samaki walikuwa wameweka visu chini wanasikiliza. Nyakio akasema kwa sauti ya chini, "Kuna habari alikuwa ananisimulia mtoto, ya mama wa huyo mzee. Sikumwacha amalize."

"Ile ya mlimani?"

"Ndiyo hiyo."

Lewa akaweka kapu lake chini. "Siku ile mvua ya barafu ilimnyeshea njiani. Alikuwa mbele ya wote, amebakiza kipande tu, miguu ikamkaza. Akaanguka kando. Gari la timu, lenye mtu wa kukanda, liko mbali nyuma, njia imejaa watu. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kona tangu alfajiri, mwanamke wa shamba, kitambaa cheusi kichwani. Alikuja na mkebe wa mafuta ya kondoo, yale aliyokuwa akiwapaka watoto wakati wa baridi. Akatoka kwenye umati, akapiga magoti kwenye lami, akamkanda. Watu wakamcheka yule bibi kizee na mafuta yake yanayonuka. Yeye akakanda tu. Mtoto akasimama, akaenda, akashinda. Mzee alikuwa akinisimulia haya na machozi yanamtoka, jikoni pale, mimi nakata vitunguu."

Akaliinua kapu lake. Kisha akaongeza jambo ambalo pengine hakutaka kuliongeza.

"Mzee alisema Thuku hana mtu wa miguu. Akasema atamkanda yeye mpaka akufundishe wewe, mama yake. Jumapili ile ulikuwa ualikwe, Mama Thuku. Nilikwisha kuambiwa ninunue kuku."

Nyakio alirudi nyumbani bila kununua alichoendea. Alikwenda kwa Mueni akamweleza, kwa sababu alitaka mtu wa kubeba naye lawama. Mueni akasema, "Mimi si nilikwambia sisemi kitu?" akaendelea na shuka zake. Na kweli, hakuna aliyesema barabarani ila Nyakio. Mdomo ulikuwa wake.

Sikukuu ikafika. Nyakio alimwomba mumewe amruhusu kwenda naye Kilifi tangu siku iliyotangulia. Hakumwambia kwa nini, na Kamande, akiona chupa ya mafuta ya nazi kwenye kikapu, hakuuliza.

Pale Kilifi wakati huo hapakuwa na daraja. Magari yalishuka hadi majini kusubiri feri, na barabara ya kushukia ilikuwa kali. Ukiteremka ni raha, ukipanda ni jasho. Waendesha baisikeli walitakiwa washuke upande huu wa Malindi hadi kwenye pipa lililowekwa karibu na maji, walizunguke, wapande tena, warudi. Kwa pwani yetu hii tambarare, huo ndio mlima. Nyakio alisimama katikati ya mwinuko, kwenye kona, chupa ndani ya leso.

Wakaja. Wa mbele walikuwa sita, na Thuku alikuwa wa tatu, ameinama, mabega yametulia kama alivyofundishwa. Walipita kama upepo kushuka. Kila mmoja wa wale wengine alikuwa na pikipiki au gari likimfuata, mtu ananing'inia dirishani na chupa ya maji. Nyuma ya Thuku hapakuwa na kitu.

Kumbe jina lilikuwa limefika Kilifi kabla yake.

"Huyo! Huyo mrefu ndiye Bi Harusi!"

"Bi Harusi, mahari ngapi?"

Wakazunguka pipa, wakaanza kupanda. Thuku akasimama juu ya pedeli. Akampita wa pili. Nyakio aliona meno yake, aliona mwanawe akicheka, ndiyo, wakati watu wamekufa kwa kuhema yeye alikuwa anacheka, na kwa dakika hiyo moja akaelewa yule mzee chini ya mkorosho alikuwa anaangalia nini.

Kisha mguu wa kulia ukanyooka wenyewe kama ubao. Baisikeli ikayumba. Wa kushoto ukafuata. Akaanguka kwenye changarawe, hatua chache chini ya mamake, ameshika mapaja, anauma ulimi. Wenzake wakampita, mmoja, wa pili, wa tatu.

Watu wakacheka. "Bi harusi amezimia!" Mtu akaanza vigelegele.

Nyakio alishuka pale alipokuwa. Akapiga magoti kwenye changarawe, akamimina mafuta viganjani. Miguu ya Thuku ilikuwa imeota nywele tena, fupi, ngumu, zinachoma.

"Mama, toka," Thuku alisema kwa meno yaliyoumana. "Watu wanatuangalia."

"Waache."

"Mama, nakuomba. Hayajatosha uliyonifanyia?"

Alilisikia hilo hadi kwenye mifupa. Lakini hakuondoka. Akageuza kichwa kwa wale watu, magoti yake bado chini, akapaza sauti ile ile aliyoitumia barabarani Malindi, maana alikuwa nayo hiyo moja tu.

"Jina hilo nililitoa mimi! Mimi mama yake! Nililitoa kwa mdomo wangu, na ni uongo! Mkitaka kumcheka mtu, nichekeni mimi hapa!"

Wengine walitazama kando. Wengine walicheka zaidi, wakasema kumbe mama ndiye mwenyewe mwendawazimu. Nyakio akaanza kukanda, paja, goti, shavu la mguu, akisukuma mikono chini kwa nguvu kama anayekanda unga. Thuku alifumba macho. Baisikeli nyingine zikapita.

"Sivyo hivyo," akasema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza lisilo la kumfukuza tangu siku ya kelele.

"Vipi, baba?"

"Unashusha. Haishushwi. Anza chini, kwenye kifundo, panda juu. Siku zote kuja moyoni."

Nyakio akahamisha mikono hadi kwenye kifundo cha mguu, akaanza upya. Akapanda polepole. Nywele zilinaswa na mafuta, zikamvuta Thuku ngozi, akakunja uso lakini hakusema. Misuli iliyokuwa migumu kama mbao ikaanza kuachia chini ya vidole vyake, kidogo, kidogo.

Alipoweza kukunja magoti, Thuku alisimama. Akaiinua baisikeli, akakagua magurudumu, akapanda. Hakumwangalia mamake. Wa mbele walikuwa wamekwisha kupotea zamani, na gari la waamuzi lilikuwa linapita kuwakusanya walioshindwa. Dereva akamwashiria aingie. Thuku akatikisa kichwa, akaanza kukanyaga kuelekea Malindi, peke yake.

Nairobi hakuitwa. Mwaka uliofuata hakushindana, na baisikeli ile nyembamba aliitundika ukutani tanurini. Nyumbani alirudi, baada ya Krismasi, akala na ndugu zake, akamjibu mamake alipoulizwa. Ila jina halikurudi lilikotoka. Alipooa, vijana walimwita kwa jina hilo kwa kelele nje ya kanisa, na mke wake, mgeni kutoka bara, akauliza kama ni yeye anayeitwa au nani, na Thuku akasema hajui.

Nyakio alikuwa amesimama pale pale kando yao, amevaa nguo yake ya sherehe, akalisikia swali na akalisikia jibu.